Mama Alivyogeuzwa Mgeni

Baba mdogo alifika kituo cha polisi kabla yangu, tena akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba. Nilikuwa nimepanga chumba hapohapo mjini, na kila Jumamosi narudi kwetu Busibwabo kumwona mama. Siku hiyo ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Turnboi wa lori la saruji alichungulia dirishani akaniambia, "Dada, mama yako ameshikwa na chang'aa. Wamempeleka Busia." Niliacha karatasi kwenye taipureta nikadandia lori la kwanza lililokuwa linaelekea huko. Nilipoingia kituoni nilimkuta baba mdogo ameketi kwenye benchi, baiskeli yake imeegemea ukuta.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

"Habari husafiri."

Nilimtazama kola. Mtu aliyeshtushwa na habari kwamba shemeji yake amekamatwa hawashi mkaa kwanza apige pasi. Lakini nilikuwa na haraka ya kumwona mama, nikaliacha wazo hilo lipite.

Mama alikuwa mjane. Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua nikiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo mama alitupikia sisi chakula na kuwapikia wengine chang'aa, ile pombe kali iliyopigwa marufuku. Hakuna aliyekuwa hajui. Naibu chifu mwenyewe alikuwa akipita jioni, anauliza habari za mahindi, na anaondoka akijifuta mdomo. Ndiyo maana kukamatwa kwake kulinishangaza. Jirani yetu aliniambia baadaye kwamba polisi walipita maboma mawili ambamo moto ulikuwa unawaka chini ya pipa, hawakusimama. Walikuja moja kwa moja kwetu, wakazunguka nyuma ya zizi, wakafukua rundo la maganda ya mahindi na kutoa mtungi. Hawakutafuta hata kidogo. "Walikuwa kama watu waliokuja kuchukua mwavuli wao waliousahau," jirani alisema.

Pale kituoni baba mdogo alimnong'oneza mama kupitia dirisha la kaunta. "Shemeji, usibishane nao. Ukikataa, kesi itaenda mpaka mwakani. Kubali. Hakimu humwonea huruma mjane. Faini nitalipa mimi."

Huyu ni mtu ambaye tangu baba afe hakuwahi kuninunulia hata penseli. Mama akasema, "Asante, mulamwa." Hivyo ndivyo tunavyomwita shemeji kwa lugha yetu.

Kesho yake mahakamani mama alisomewa shtaka akasema, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka akasimama kutoa maelezo ya kesi. Alitaja mtungi, akataja chupa, halafu akasema kwa sauti ileile, "Mshtakiwa ni mwanamke wa Uganda anayeishi hapa bila kibali chochote."

Mama aliinua macho. Mimi niligeuka nikamtazama baba mdogo, naye alikuwa anatazama dari.

Ni kweli mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na mto Sio ulio mpakani haukuwahi kumuuliza mtu anatoka wapi. Aliolewa na baba wakati Mwingereza bado yuko pande zote mbili, na watu walikuwa wanavuka kwenda kwenye matanga na kurudi kabla ugali haujapoa. Uhuru ulipokuja hakuna mtu aliyemwambia kwamba anapaswa kwenda mahali kujiandikisha. Alizungumza kama sisi, alilima kama sisi. Nilipomuuliza kama polisi walimhoji alikozaliwa, alisema, "Waliniuliza jina tu."

Basi nani aliwaambia?

Baba mdogo alilipa faini, akatusindikiza hadi stendi kwa maneno matamu, na mambo yakaonekana yamekwisha. Yalikuwa hayajaanza.

Siku moja, si muda mrefu baadaye, nikiwa nyumbani, afisa wa uhamiaji alikuja kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole kutoka mbali, anavua helmeti kabla ya kusalimu. Alikataa kiti akazungumza amesimama.

"Mama, wewe si raia wa hapa. Na sasa umehukumiwa mahakamani. Mgeni aliyehukumiwa serikali inaweza kumwondoa nchini. Mwisho wa mwezi ujao uwe umeondoka. Kama una sababu ya kubaki, uje ofisini ueleze."

"Lakini faini ililipwa," nikasema.

"Faini ni ya kosa, dada. Hili ni jambo lingine."

Vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua baba mdogo alipotokea kwenye ua. Hakuuliza yule alikuwa nani. Alisema, "Shemeji, usiogope. Nenda kwa watu wenu kidogo mpaka mambo yatulie. Nimeshazungumza na dereva mmoja, atakuvusha vizuri. Mimi nitaangalia shamba."

"Shamba halijasema linaumwa," mama akamjibu.

Kumrudisha mtu ng'ambo miaka ile hakukuwa kumrudisha nyumbani. Huko walikuwa wanatawala wanajeshi. Aliyetoka Kenya alionekana ameleta maneno ya wakimbizi wanaotaka kuipindua serikali. Jirani yetu alikuwa na mkwe aliyevuka kwenda kuzika, na mpaka wakati huo hakuna aliyejua alikozikwa yeye. Na upande wetu nako, mgeni yeyote mwenye viatu vizuri alisemwa kuwa ni jasusi. Watu walijifunza kuzungumza wakitazama barabara.

Baba mdogo alipoondoka, mama alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Alitoa kijiwe akakitupa, akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji yangu amekuwa mzuri mno."

"Unafikiri ni yeye?"

"Sijasema hivyo. Nimesema amekuwa mzuri."

Wiki hiyohiyo jirani alituambia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Busia alionekana akitembea kwa hatua za kupima kwenye shamba letu, upande unaopakana na barabara, na baba mdogo yuko nyuma yake. Ulikuwa wakati wa magendo ya kahawa, na kila mwenye fedha alikuwa anatafuta mahali pa kujenga stoo karibu na mpaka.

Nilirudi Malaba nikiwa sina wa kumwambia. Bosi wangu alikuwa mtu wa Pwani, mnene, mwenye Kiswahili kilichonyooka, na kila saa nne alikunywa chai na maafisa wa mpakani. Kwa sababu hiyo nilimwogopa. Nilijua neno likiingia sikioni mwake asubuhi, mchana linaweza kuwa limefika popote. Lakini aliniona nakosea barua moja mara kwa mara, akaniita ndani.

"Una nini?"

Nikamweleza nusu. Akaniuliza, "Shamba lenu likoje? Linafika barabarani?"

Nikamkazia macho. Kwa nini anauliza shamba? Akaenda akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Usinitazame hivyo. Nauliza kwa sababu anayetaka kukutoa nyumbani kwako hutazama kwanza atakachobaki nacho. Sasa sikiliza. Mwenyeji akihukumiwa, analipa faini, anarudi nyumbani, watu wanasahau. Mgeni akihukumiwa, ndipo wanapomfungulia faili. Aliyemshauri mama yako akubali kosa alijua hivyo, au ni mjinga. Ni mjinga?"

"Si mjinga."

"Haya. Kosa alishakubali, hilo tuliache. Lakini mama yako si mgeni kama mtu aliyeshuka jana kwenye lori. Mke wa raia ana haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia, hata kama mume amekufa. Ila lazima aonyeshe kwamba alikuwa mke. Walifunga ndoa kanisani?"

"Hapana. Kimila."

"Basi nani aliona ng'ombe wakipelekwa?"

Babu alikuwa amekufa. Mshenga alikuwa amekufa. Upande wa baba, mtu aliyekuwa hai na mwenye umri wa kukumbuka alikuwa mmoja tu.

Tulikwenda kwa naibu chifu, naye akamwita baba mdogo. Alikuja na shati lake lilelile. Naibu chifu, ambaye kwa aibu hakuweza kumtazama mama usoni, alimuuliza kama kaka yake alilipa mahari. Baba mdogo alichora chini kwa ncha ya kiatu.

"Mimi habari ya ng'ombe sijui," akasema. "Marehemu alikuja naye siku moja tu. Tulimpokea vile mtu anapokea mgeni. Hakuna aliyevuka mto."

Nilisubiri mama apige kelele. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akakaza fundo. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliposema, "Kaka yangu yuko hai. Yeye aliwapokea."

Mama asingeweza kwenda. Kama angevuka, ingesemwa ameondoka mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda mimi, siku ya soko, na wanawake waliokuwa wakipeleka sabuni na chumvi ng'ambo, kwa sababu huko maduka yalikuwa matupu. Mmoja wao alinivuta kando kabla hatujaingia kwenye mafunjo. "Wewe usiongee sana. Kiswahili chako kinanuka shule." Nikaweka karai la sabuni kichwani, nikavua saa.

Mbele tulikutana na askari kwenye kizuizi cha magogo. Mmoja aliniuliza ninakokwenda. Nikasema kuuza. Akainua miche ya sabuni, akainusa, akabaki nayo, akatuashiria tupite. Sikujua kama alinitazama mimi zaidi ya wengine au woga wangu ndio uliosema hivyo.

Nyumbani kwa mjomba nilimkuta mkewe. Alisema mzee hayupo, amesafiri, harudi karibuni. Wakati anasema hivyo mtu alikohoa nyuma ya ghala la mtama.

"Mimi ni mtoto wa dada yake, kutoka Busibwabo," nikasema kwa sauti ya kusikika.

Mjomba akatokea, panga mkononi, akanitazama miguu kwanza. "Siku hizi wanakuja wengi wakisema ni watoto wa dada. Wanakula, wanauliza maswali, kesho yake gari linakuja. Dada yangu hali chakula gani?"

"Hali kuku."

"Hakuna mwanamke wa umri wake anayekula kuku. Hali nini kingine?"

Nikafikiri. "Hali samaki, yule ningu. Alipokuwa mdogo mwiba wake ulimkwama kooni, akabebwa mgongoni mpaka misheni."

"Alibebwa na nani?"

"Na kaka yake. Hakuniambia yupi."

Panga likashuka. "Ni mimi," akasema. "Alinitapikia shingoni njia nzima." Akamwambia mkewe alete uji.

Nilipomweleza yaliyotokea alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwomba aje siku ambayo mama ameitwa ofisini. Tatizo lilikuwa njia. Akipita kwenye geti, askari wa kwao wangeandika jina lake na kutaka kujua anakwenda Kenya kufanya nini. Asipopita kwenye geti, atakuwa anakwenda kutoa ushahidi mbele ya afisa wa uhamiaji huku yeye mwenyewe ameingia kwa njia ya panya. Nikamwambia kwamba bosi wangu ameahidi kuzungumza na yule afisa.

"Bosi wako unamwamini?"

Nikakoroga uji wangu. Mjomba akacheka kidogo. "Vizuri. Mtu asiyemwamini mtu atafika uzee."

Siku ile katika ofisi ya uhamiaji tulikuwa wachache. Afisa yule mpole yuko nyuma ya meza, naibu chifu pembeni, mama na mimi benchi moja, baba mdogo benchi lingine. Kiti cha shahidi kilikuwa kitupu. Baba mdogo alieleza tena: kaka yake aliishi na mwanamke tu, mahari haikulipwa, na familia haimfukuzi mtu ila sheria ni sheria. Alizungumza vizuri. Hata mimi ningekuwa simjui ningemwamini.

Mlango ukafunguliwa, mjomba akaingia na matope mpaka magotini. Afisa aliyaona matope yale kabla hajaiona sura yake.

"Wewe mzee umetoka wapi?"

"Ng'ambo. Mimi ndiye kaka wa huyu mama."

"Umepitia wapi?"

Nikaona baba mdogo anaanza kutabasamu. Nikawaza: bosi ametuuza, hapa watakamatwa wote wawili, dada na kaka.

Mjomba alinyoosha mkono, akamwonyesha baba mdogo kwa kidole. "Nimepitia palepale alipopita huyu na ng'ombe."

Tabasamu likaganda.

"Eleza," afisa akasema.

"Alikuwa kijana. Walikuja yeye na wazee wawili, marehemu wote. Ng'ombe mmoja mwekundu alikataa maji. Huyu akamshika mkia ili amsukume, naye akamburuta mtoni mpaka upande wetu, mguu ukateguka hapa kwenye kifundo. Wazee wakarudi wakamwacha. Alilala kwetu mpaka uvimbe uliposhuka. Mama yangu alikuwa anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, naye analia kama mtoto. Majogoo wetu walikwisha, kwa sababu ni mkwe, huwezi kumpa mboga. Muulize jina ambalo mama yangu alimpa."

Afisa akamgeukia baba mdogo. "Mzee, ulilala kwao au hukulala?"

"Ni zamani sana."

"Sikuulizi ni lini. Ulilala?"

Baba mdogo alimtazama naibu chifu, naibu chifu akatazama nje. "Nililala," akasema.

"Ulikuwa umepeleka nini?"

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na turnboi anapiga ubavu wake kwa kiganja. Tukangoja mpaka kelele zilipokwisha.

"Ng'ombe," akasema baba mdogo.

Niliona mabega ya mama yanashuka, kama mtu aliyetuliwa kuni.

Afisa aliandika, kisha akaweka kalamu. Alimwambia mama alete maombi ya kuandikishwa kama mke wa raia, na kwamba ile amri ya kuondoka anaisimamisha mpaka yajibiwe. "Lakini nikuambie ukweli, mama. Ile hukumu haifutiki. Itaonekana kwenye maombi yako, na nitaulizwa. Ukishikwa tena na mtungi, mimi sitakuwa na la kusema." Halafu akamtazama mjomba, matope na yote. "Na wewe mzee, habari ya ng'ombe nimeisikia. Ya leo sijaisikia. Nenda nyumbani."

Mama alimwomba kaka yake abaki kwetu hata mwezi. Alikataa. Alikuwa na mke, ana mtama shambani, na akikosekana siku mbili watu watauliza. Tulimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya kwetu Bukhayo, karibu na mto, akaingia kwenye mafunjo bila kugeuka.

Maombi ya mama yalichukua muda mrefu kujibiwa. Mara mbili alirudishwa akaeleze tena habari ya chang'aa, na mara zote mbili alirudi nyumbani amechoka kuliko siku ya kulima. Mwishowe aliandikishwa. Mtungi uliobaki aliuvunja mwenyewe, akaanza kukaanga njugu na kuuzia abiria na madereva.

Gharama nyingine hatukuijua mpaka baadaye. Mwanamke mmoja wa sabuni alituletea habari sokoni: askari walimchukua mjomba, wakataka kujua alikuwa kwa nani Kenya. Kuna jirani aliyeyaona matope. Walimwachilia, lakini sikio moja halikusikia tena. Mama aliketi chini palepale kati ya njugu zake. Hakuweza kwenda kumwona mpaka serikali ile ilipoanguka, na walipokutana ilibidi amsemeshe upande mmoja wa kichwa.

Mfanyabiashara wa kupima kwa hatua hatukumwona tena. Baba mdogo aliendelea kuishi ng'ambo ya ua wetu, akitusalimu asubuhi kama mtu mwingine yeyote. Kama ni yeye aliyewaonyesha polisi rundo la maganda, hakuna aliyewahi kutuambia. Nilimuuliza naibu chifu, akaapa hajui. Inawezekana ni yeye naibu chifu. Inawezekana ni mlevi aliyekosa kukopeshwa. Siku moja, tukiwa tunamenya njugu, nilimuuliza mama waziwazi anafikiri ni nani.

"Sitaki kujua," akasema. "Nikijua, itabidi nifanye kitu. Nisipojua naweza kumwazima jembe."

Na alimwazima, msimu baada ya msimu. Lakini kwake hakuwahi kunywa chai, na kila jembe liliporudishwa alilikagua mpini kabla ya kulipokea.